Vilivyo Juu ya Udongo wa Mpofi

Jina la Mpofi likitajwa redioni siku hizi, watu hutega sikio wakitarajia habari za risasi. Kijiji hiki kiko mashariki ya Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale, magharibi ya Nyabiondo, mahali ambapo malisho ya ng'ombe yanaanza kuuachia msitu nafasi. Barabara inayopita Kashebere, Mpofi na Kibua tumezoea kuisikia kama njia ya majeshi: nani ameingia, nani amerudi nyuma, kina nani wamekimbilia porini. Leo naomba tukitazame kijiji hiki kama mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa hiari yake, akatembea, akatazama, akalala, akaondoka akiwa amejifunza kitu. Ninachodai ni hiki: njia za Mpofi, mito yake, misitu yake na hadithi zake ni mali kama vile kasiterite na dhahabu zilivyo mali. Mali hiyo inapaswa kuorodheshwa na kuwekwa kisheria mikononi mwa wanakijiji sasa hivi, wakati amani bado haijatimia. Tukingoja bunduki zinyamaze ndipo tuanze kufikiri, wa kwanza kufika atakuwa yule mwenye ramani ya madini.

Tuanze mbali kidogo, Ufaransa. Watu wakisikia habari za kijiji tulivu cha Ufaransa, chenye nyumba za mawe, kijito cha kuvulia samaki na njia za baiskeli kandokando ya mizabibu, hudhani utulivu ule ulikuwapo tangu zamani. Historia yao haisemi hivyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, nchi ilikuwa imevunjika, na katika miaka iliyofuata vijana walihama mashamba kwenda mijini, wakaacha nyumba tupu nyuma yao. Mwaka 1947 watu wapendao kutembea walianza kupaka alama nyekundu na nyeupe juu ya miti na mawe kati ya Orléans na Beaugency, kando ya mto Loire, na hiyo ikawa njia ndefu ya miguu ya kwanza katika mtandao ambao leo unapita nchi nzima. Mwaka 1951, katika milima ya Basses-Alpes, seneta Émile Aubert alisukuma wazo kwamba mkulima asaidiwe kukarabati chumba kilichobaki kitupu, alaze ndani yake familia za mjini zisizo na uwezo wa hoteli, naye aendelee kulima. Mwaka 1955 wenye vyumba vya namna hiyo waliunda shirikisho lao, Gîtes de France. Mwaka 1982 Charles Ceyrac, meya wa Collonges-la-Rouge, alianzisha chama cha vijiji vizuri kuliko vyote nchini, na sharti mojawapo la kuingia ni kwamba wakazi wasizidi 2,000. Mkebe wa rangi, chumba kimoja kilichopigwa chokaa, na kanuni zilizoandikwa: ndivyo vilivyoanzisha kile ambacho sisi tunakiona kama zawadi ya Mungu kwa Wafaransa peke yao.

Sasa turudi kwetu, tuhesabu. Anayetoka Sake kupanda Mushaki anaingia nchi ya majani. Vilima vya Masisi vinafuatana, mahali pengi vikipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukigeuka nyuma siku isiyo na ukungu unaziona Nyiragongo na Nyamulagira zikitoa moshi. Huko ndiko inakotoka jibini ya Masisi, inayopangwa madukani Goma na iliyokuwa ikipandishwa ndege hadi Kinshasa. Upande wa Bashali kuna maziwa ya Mokoto, na jirani yake monasteri ya Watrapisti iliyoanzishwa mwaka 1954. Kisha barabara inashuka: Masisi-katikati, Nyabiondo, halafu Mpofi, na mtu anahisi hewa yenyewe ikibadilika. Viazi na kabichi vinapungua. Migomba, mihogo na michikichi inaongezeka. Na mbele unaanza ule msitu unaokwenda mpaka bonde la mto Kongo. Maji ya upande huu yanaelekea Lowa, Lowa inaingia Lualaba, na kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya mapaa ya Mpofi itapita Kisangani na Kinshasa kabla ya kufika Atlantiki. Teritwari ya Masisi ina kilometa za mraba 4,734, ile ya Walikale ina 23,475, na Mpofi inakaa pale mbili hizo zinapokutana: nyuma yake nchi ya ng'ombe na chukudu zilizobeba makala, mbele yake nchi ya mitego, asali na mitumbwi. Ni sehemu chache za Afrika ambapo mtu anaweza kuvuka kwa miguu kutoka dunia moja hadi nyingine. Na ndani ya msitu wa Walikale wamo sokwe, na yumo gorila wa Grauer, ambaye haishi katika nchi nyingine yoyote ila mashariki ya Kongo, na ambaye mwaka 2016 aliwekwa katika daraja la wanyama walio ukingoni kabisa mwa kutoweka.

Kuna mali nyingine ambayo haionekani kwa macho, nayo ni kubwa zaidi. Msitu wa Walikale ni nyumbani kwa Wanyanga, na Wanyanga ndio wenye utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Shé-Kárisi Rureke aliuimba, akausimulia na kuuigiza kwa muda wa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, mtafiti wa Kibelgiji. Mwaka 1969 Biebuyck na mtaalamu wa lugha Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, waliuchapisha, na tangu hapo unasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya pamoja na tenzi kubwa za dunia. Mtoto ambaye baba yake hakutaka azaliwe anafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, anasafiri chini ya maji kumfuata shangazi yake, anashuka kuzimu, anarudi, na mwishoni anafundishwa na radi kwamba mkuu asiyejizuia hastahili kutawala. Hadithi yote ni safari: mto, njia, shimo la kushukia chini, kijiji cha kurudia. Mtoto wa shule huko Chicago anaweza kuwa amemsoma Mwindo ilhali mtoto wa Goma hajawahi kuelezwa kwamba misitu ya Mwindo iko ng'ambo ya vilima anavyoviona kila siku. Hilo ni jambo la kusikitisha, na linarekebishika. Mzee anayejua kusimulia, kijana anayejua njia, na jioni moja ya moto wa kuni vinatosha kuanzia.

Lakini mandhari ya kwetu si ya kupendeza tu, na anayeitembeza bila kusema hivyo anamdanganya mgeni. Yale malisho mazuri ya Masisi yalikuwa msitu. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilileta huku watu wapatao 85,000 kutoka Rwanda, ikawapa ardhi ambayo wenyeji walikuwa na haki nayo, na masetla nao wakachukua vilima vyao. Ugomvi wa ardhi tunaoutolea machozi leo ulipandwa hapo. Mwezi Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ule ukasambaa Masisi nzima. Je, historia kama hiyo inamfukuza mgeni? Mtazameni tena Mfaransa. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Hitler waliua watu zaidi ya 640 katika kijiji cha Oradour-sur-Glane, wanawake na watoto wakichomwa ndani ya kanisa. Baada ya vita iliamuliwa kwamba magofu yaachwe kama yalivyo, na kijiji kipya kikajengwa kando. Watu huenda pale wakatembea kimya katikati ya kuta zilizoungua. Sisemi Ntoto ifanywe makumbusho kesho. Jamii zenyewe ndizo zitakazoamua lini na namna gani, na huenda zikaamua bado. Ninachosema ni kwamba kuzuru mahali hakumaanishi kusahau yaliyotokea pale, na kijiji kinachojua kusimulia maumivu yake kwa haki, bila kuficha wafu wa upande wowote, kina la kumwambia kila anayepita.

Najua pingamizi la kwanza, kwa kuwa ni zito na ni la haki. Januari 2025 M23, jeshi la waasi, iliingia Masisi-katikati na kisha Goma. Machi mwaka uleule ikafika Walikale-katikati kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Watu wamelala porini, mashamba yamevunwa na wasioyalima. Nani ana haki ya kuzungumzia matembezi mbele ya mama aliyepoteza kila kitu? Ningekubaliana kabisa na swali hilo kama ningekuwa naomba watalii waletwe wiki ijayo. Siombi hivyo. Mbuga ya Virunga, yenye askari walinzi wake na historia yake tangu 1925, ililazimika kufunga milango kwa wageni Mei 2018, baada ya mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa, na haikufungua hadi Februari 2019. Ikiwa Virunga imeyumba hivyo, Mpofi haiwezi kujenga maisha yake juu ya mgeni. Mgeni awe kipato cha pili, kama alivyokuwa kwa mkulima wa Basses-Alpes, na shamba libaki la kwanza. Kuorodhesha hakuhitaji mgeni hata mmoja. Kuandika jina la kila mto, kila kilima, kila njia ya zamani ya kuelekea Kibua au Ntoto, na nani anahusika na kipi, ni kazi ya daftari na wazee. Tena kazi hiyo inazidi kuwa ya haraka kwa sababu ya vita, maana familia zikitawanyika na wazee wakafia kambini, majina hayo yanakwenda nao kaburini.

Kuna mfano wa karibu sana, ingawa natambua kwamba kuutaja mbele ya wasikilizaji wa Masisi ni jambo gumu. Ng'ambo ya ziwa Kivu, Rwanda ilirudisha safari za kuwaona gorila mwaka 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari. Baadaye ikaweka alama kwenye njia ya kilometa 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayopita vijijini, mashambani na kwenye miteremko ya kahawa, na watu wanaipita kwa miguu na kwa baiskeli. Ziwa ni moja. Vilima vinafanana. Mtu anaweza kuwa na kilio chake halali kuhusu siasa za jirani na bado akaona kwamba njia ya miguu inayotangazwa ulimwenguni iko upande ule, na upande huu hakuna.

Pingamizi la pili naliogopa zaidi kuliko vita, kwa sababu linatoka ndani ya utalii wenyewe. Watu wanasema: mgeni akipapenda mahali, mwenyeji anafukuzwa. Ni kweli imetokea, tena hapa jirani. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970 na kupanuliwa 1975 hadi nyanda za chini, ikagusa Walikale na Shabunda. Batwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule wakatolewa bila fidia, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba dola ya Kongo ilivunja haki zao. Nusu karne imepita kati ya kosa na hukumu. Waliojua msitu kuliko mtu yeyote wakawa wavamizi katika nyumba ya babu zao, na gorila wakapata wageni wa kuwapiga picha. Tukiurudia mfumo huo Mpofi, afadhali tusianze kabisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ningependa tuuchukue usemi huo kama kipimo, yaani kila mpango uulizwe kwanza umemponya nani.

Lakini sheria ya Kongo imebadilika tangu wakati huo, na wengi vijijini hawajaambiwa. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango, kisha amri nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna jamii ya mahali inavyoweza kupewa msitu iliyoumiliki kwa desturi, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Jamii inachora mipaka pamoja na majirani, inaketi katika mkutano wa wote, inachagua kamati yake ya usimamizi, na inaweza kuutumia msitu kwa uwindaji wenye utaratibu, kwa asali, kwa mbao, kwa kuuhifadhi, na kwa kupokea wageni. Hekta 50,000 ni kilometa za mraba 500. Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya Kahuzi ya mwaka 1970 na Mpofi inayowezekana: mwenye msitu ndiye anayeandika masharti, na anayetaka kupita anaomba ruhusa kwake. Bila shaka karatasi haizuii bunduki, na kamati inaweza kutekwa na mkubwa mmoja mwenye tamaa. Ndiyo maana wanawake, ambao ndio wanaojua njia za maji na za mashamba, na Batwa, wasiachwe nje ya mkutano wa kwanza. Kamati iliyoanza bila wao hairekebishiki baadaye.

Wengine wanasema hakuna barabara. Hili nitalipita haraka, maana mashariki ya Kongo yenyewe imeshalijibu. Huko Kilambo, katika Walikale, ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha lami ili kupakia kasiterite. Na kabla kampuni ya Alphamin haijaanza kuchimba mgodi wa Bisie kwa mitambo mwaka 2019, vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kutoka mgodini hadi Njingala, safari ya kupita msituni kwa miguu, wakilipishwa ushuru na kila mwenye silaha njiani. Kilichotakiwa kilifikiwa. Nataka mtafakari jambo moja katika habari hiyo: njia ya miguu iliyopata umaarufu mkubwa kuliko zote katika Walikale ni ile ya wabebaji wa madini. Kijana wa Mpofi mwenye miguu imara na akili ya msitu hajawahi kupewa nafasi ya kulipwa kwa kile anachokijua. Amelipwa kwa kile anachoweza kubeba. Kiongozi wa njia anayejua ndege kwa sauti, mti wa dawa kwa gome lake, na mahali pa kuvuka mto baada ya mvua, ni mtaalamu. Njia haihitaji tingatinga. Salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kufyeka, madaraja ya miti na vyoo vizuri katika kila kituo ni mambo ambayo vijiji vyetu vinajua kuyafanya.

Liko pingamizi la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Huku kwetu, mgeni anayeuliza jina la mto hudhaniwa mpelelezi au mtafuta madini, na mara nyingi dhana hiyo imekuwa sahihi. Orodha ya mahali pazuri inaweza kugeuka ramani kwa wabaya. Na pako mahali ambapo mababu walikataza kukanyagwa, makaburi ya bami, machifu wetu wa jadi, na vichaka vya matambiko, ambapo hata kutajwa hadharani ni kosa. Nakubali hoja hii bila kuipunguza. Kwa hiyo daftari liwe na kurasa mbili: ya wazi, na ile inayobaki kwa wazee peke yao. Kuwa na mali ni pamoja na kuwa na haki ya kuifunga. Ndiyo maana pia sioni sababu ya kuanza na Mzungu mwenye mkoba mgongoni. Mgeni wa kwanza awe Mkongomani: kwaya kutoka Goma, darasa la sekondari kutoka Masisi, familia kutoka Bukavu inayotaka watoto wake waone msitu kabla haujaisha. Hawa wanajua Kiswahili, wanakula bugali na sombe bila kuulizia chakula kingine, wanaweza kufika kwa pikipiki, na kijiji kinaweza kujifunza kwao kupokea watu kabla ya kuwapokea walio wagumu zaidi.

Nani basi aanze? Goma kuna chuo cha utalii, ISTou, kinachofundisha vijana wa hapa hapa kazi hii, na wengi wa wanafunzi wake wana asili vijijini. Wapewe kazi ya kukusanya, hata kwa sasa kutoka kwa wazee wa Mpofi waliokimbilia mijini na kambini, majina ya njia, mito na vilima kwa Kihunde na kwa Kinyanga, pamoja na hadithi ya kila mahali na jina la ukoo wenye usemi juu yake. Kwa kuwa kijiji kimekaa mpakani, nakala moja ipelekwe Masisi na nyingine Walikale, ili teritwari yoyote isije kudai baadaye kwamba haikujua, na ya tatu ibaki mikononi mwa kijiji. Mkutano wa kuzungumzia hekta za msitu unaweza kuitishwa siku watu watakaporudi nyumbani, na siku hiyo wakiwa na daftari tayari hawatalazimika kuanza kwa kubishana jina la mto.